Masikio ya Farasi

Farasi alimtwanga baba kwato ya kifua, na watu wote wakamkimbilia farasi. Bwana Harwick, mwenye shamba, alipiga magoti akimpapasa mnyama wake miguu. Mchoraji, Bwana Lyle, hata brashi hakuweka chini. Nilikuwa mtoto. Nilidhani anamchora baba ili daktari aone alipoumia.

Juzi, tukisafisha nyumba moja kule Fairfax, ughaibuni, nikaikuta picha yenyewe ukutani, jina la Lyle pembeni. Mwenzangu Wairimu akanivuta. "Wee dada, usiguse! Hiyo ni ghali kuliko mimi na wewe tukiuzwa pamoja." Sikucheka. Pua ilishajaa harufu ya tapentaini ya kuchanganyia rangi na jasho la farasi, kama mchana ule wa Nanyuki, na tangu hapo situlii.

Baba alikuwa saisi, mtunza farasi. Lyle alitaka masikio ya farasi yasimame, basi baba akawekwa mbele ya mnyama atingishe kopo la kokoto. Kwacha, kwacha, mchana kutwa. Nikafurahi, nikidhani wanamchezea farasi ngoma. Mwishowe baba akasema, "Bwana, huyu amechoka. Atapiga teke."

Harwick akamjibu, "Wewe tingisha tu! Nani amekuuliza?"

Baba akatingisha. Jua halijazama, akafa.

Kwenye picha masikio yamesimama wima, mazuri kweli. Baba hayumo. Harwick, Lyle, au watoto wenu kama nyinyi hampo: baba aliwaonya, mkasikia. Mbona hamkumwacha farasi apumzike? Nataka mmoja wenu anijibu.