Soksi za Mikono za Mama

Miaka hii Idi ya kuchinja imeangukia kipwa, majira yetu ya ukavu na baridi, na kipwa cha Kamina hakina huruma. Watu wa mbali wakisikia Kongo hufikiri ni joto tu. Waje hapa mwezi wa sita alfajiri, wasimame kwenye uwanja wa sala upepo ukiwapiga kutoka upande wa reli, halafu ndipo tuongee. Maji ya udhu yanauma mpaka kwenye mifupa. Watoto wanatoa moshi mdomoni na kujifanya wanavuta sigara.

Mama yangu aliuogopa ubaridi huo kwa sababu ya vidole vyake. Kila asubuhi ya kipwa viungo vilivimba na kukakamaa, hata kikombe cha chai alikishika kwa viganja viwili. Kwetu sisi wanawake wa Idi, sala ikiisha hakuna anayeondoka uwanjani kabla ya kumpa mkono aliye mkubwa kuliko wote, na mkubwa huyo kwa miaka mingi sasa ni Mama. Mwaka uliopita, mke wa mfanyabiashara mmoja, mama mnene mwenye furaha nyingi, alimkamata mkono akaubana kwa mapenzi yake yote. Mama alipiga kelele mbele ya safu nzima. Kisha akaficha mikono ndani ya liputa, kitenge alichojifunga, na waliobaki wakamsalimia kwa kuinamisha kichwa tu. Alirudi nyumbani akalia jikoni, na mimi nilijifanya sikumwona.

Kwa hiyo Idi ya mwaka huu ilipokaribia, alitangaza mapema.

"Minyi siendi ku sala. Bataenda bale benye kuwa na mikono."

"Mama, bantu batasema nini?"

"Baseme. Nitabaki hapa nichunge mbuzi."

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Nilijibu vibaya, nikabamiza mlango, nikaenda sokoni kuuza samaki wangu wakavu, wale wanaotoka Kabondo-Dianda barabara ikikubali. Siku nzima niliwagombeza wateja. Ukweli ni kwamba niliogopa. Mama akishaacha kitu, hakirudii. Aliacha krosheti, ule ufumaji wa sindano ya ndoano, vidole vilipoanza kukataa, na tangu hapo sindano zake hazikuguswa. Nikaona wazi kwamba akibaki nyumbani Idi hii, ijayo atabaki kitandani.

Jirani yetu ni mwalimu wa shule ya msingi, Mmetodisti wa kuzaliwa, mwimbaji wa kwaya, na kila asubuhi tunaonana kwenye bomba la maji. Siku moja katika wiki hiyo nilimwona kashika ndoo akiwa amevaa kitu mikononi: kitambaa cha sufu nyekundu chenye pindo jeupe, kimeanzia juu ya kifundo cha mkono na kuishia katikati ya vidole. Ncha za vidole zilikuwa nje, zikifanya kazi yake.

"Hii ni nini tena?" nilimwuliza.

Alicheka. Mdogo wake aliyeko Ubelgiji alimtumia picha wakati wa Noeli, kwamba huko watu huzifuma kwa ajili ya sikukuu. Naye akazifuma, rangi za Noeli kabisa, akazivaa kanisani. Lakini Noeli yetu ni ya mvua na joto. Alitoka jasho ibada nzima, akazitupa kabatini. Kipwa kilipoingia ndipo akazikumbuka, na sasa anaandika ubaoni nazo, chaki haimgandi tena mkononi.

Nilimwomba anifumie za Mama. Akakataa palepale.

"Niko na mitihani ya kusahihisha mpaka hapa," akasema, akionyesha paji la uso. "Lakini sufu ilibakia. Kuya mangaribi. Nitakufundisha."

Hapo lazima nieleze. Nyumba yetu imejaa krosheti ya Mama. Kuna naproni, vitambaa vya kutandika, juu ya kila kiti cha saluni ya kukaribisha wageni, juu ya televisheni, juu ya redio isiyosema, na moja kubwa ya mezani yenye mawimbi pembeni yanayosimama kwa amido, ule wanga wa muhogo tunaoupika ukawa uji mwepesi. Yote hiyo ni kazi ya mikono yake. Binti yake wa pekee, ambaye ni mimi, alijaribiwa utotoni akaachwa. Mama alisema mikono yangu ni ya kukamata panga. Hakusema kwa ubaya, na mimi sikubisha.

Basi jioni nilikwenda kwa mwalimu, nikimwambia Mama naenda kudai vyombo vyangu. Sikutaka ajue. Angejua, angeninyang'anya sindano afume mwenyewe kwa vidole vile. Na kama ningeshindwa, afadhali nishindwe bila yeye kuona.

Nilishindwa haraka. Niliishika sindano kama kisu cha kupasulia samaki. Vitanzi nilivikaza mpaka ncha ya sindano haikuweza kuingia tena, nikasukuma, nikachoma kidole.

"Weye uko nafunga mbuzi?" mwalimu akauliza. "Legeza. Haitakimbia."

Nililegeza. Kipande kikaanza kupanda mstari kwa mstari, nikajisikia mtu. Nikamwonyesha. Akakinyoosha juu ya goti lake, akaanza kucheka hadi akashika ubavu. Chini kilikuwa kipana, juu chembamba. Kila nilipogeuza mstari nilikuwa nimeruka kitanzi cha mwisho bila kujua, na kitambaa kilikuwa kikinywea mbele ya macho yangu mwenyewe. Akavuta uzi. Kazi ya jioni nzima ikafunguka kwa pumzi moja, ikarudi kuwa sufu iliyojikunja. Nilitamani kuitupa kwenye mbabula, jiko lake la makaa.

Lakini nilirudi kesho yake, na keshokutwa. Mwalimu alisahihisha madaftari upande mmoja wa meza, mimi nikahesabu vitanzi upande wa pili, na mara kwa mara tulikosea wote wawili kwa sababu ya kuongea. Alinionyesha kwamba kifaa chenyewe ni kipande cha mstatili tu: unakikunja, unakishona ubavuni, unaacha tundu la kidole gumba. Ya kwanza ilinikaa mkononi nikainua mkono juu kama mtoto darasani. Ya pili ilitoka kubwa kidogo, kwa sababu mkono wangu ulikuwa umeshalegea. Nikaweka pindo jeupe kwenye zote mbili. Nilirudi nyumbani nikizificha kifuani, na samaki wote wa Kamina wasingeniondolea furaha ile.

Siku ya kuamkia Idi ni siku ya naproni. Kila nyumba ya kwetu inazifua zote, inazitumbukiza kwenye amido, inazitandaza kwenye mkeka au kuzivisha kwenye chupa za soda zipate umbo, jua na upepo wa kipwa vinazikausha zikiwa zimesimama vizuri. Nimelifanya hilo tangu nikiwa mdogo. Kitu cha krosheti kikiisha, kinapita kwenye amido. Sijawahi kuona kingine.

Kwa hiyo mnaweza kukisia nilichofanya. Sufuria ya amido ilikuwa hapo, bado ina vuguvugu. Nikazitoa zile glavu kifuani, nikazizamisha, nikazikamua, nikazivisha kwenye chupa mbili za Fanta nyuma ya nyumba, pindo jeupe nimelinyoosha kwa vidole. Nilijisifu kwamba nimekumbuka. Kisha nikaenda kumenya vitunguu.

Niliporudi mchana zilikuwa kavu. Nilizivua kwenye chupa, zikabaki na umbo la chupa. Nikaigonga moja mezani, ikalia ko, ko. Nilijaribu kuingiza mkono, pindo likanikwaruza ngozi. Nilikaa chini kwenye ngazi ya jikoni nikiwa nimezishika zote mbili, na sitaficha, nililia. Sala ilikuwa asubuhi. Mwalimu alikuwa shuleni. Sufu nyingine haikuwepo, na hata ingekuwepo, mikono yangu ya panga isingemaliza.

"Ni nini ile?"

Mama alikuwa amesimama mlangoni nyuma yangu, mikono ndani ya liputa. Hapakuwa na pa kuzificha. Nikamwambia yote kwa mkupuo mmoja: baridi, uwanja, mke wa mfanyabiashara, mwalimu, sufu ya Noeli. Nikamwonyesha.

"Ni ya kwako. Niliifanya minyi. Sasa imeharibika."

Alitoa mkono kwenye liputa, akaichukua moja, akaigonga ukutani. Ko, ko. Akaitazama tena.

"Weye... uliweka amido ku soksi?"

"Ku soksi ya mikono, Mama."

Mama alianza kucheka. Alicheka kimya kwanza, mabega yakitikisika, kisha kwa sauti, akajishika kwenye mlango, machozi yakimtoka. Tangu kipwa kianze nilikuwa sijamsikia akicheka. Nilitaka kukasirika nikashindwa, nikacheka na mimi, pua ikiwa bado imejaa kilio.

"Amido ni uji tu," akasema alipopata pumzi. "Ilitoka mu maji, itarudia mu maji. Leta maji ya moto. Hapana ya kuchemka! Ya moto ya kuoga mutoto."

Nilileta beseni. Nilidhani atanielekeza tu, lakini alikunja mikono ya gauni akaingiza viganja mwenyewe, akazikanda glavu polepole chini ya maji, akiyabadilisha kila yalipogeuka meupe. Nilimwachia. Alikaa hapo muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Maji ya moto yalimfaa, niliona vidole vikifunguka kidogo kidogo, na ile sufu ikilainika mikononi mwake. Tulizikamua kwenye taulo, tukazianika upande wa upepo. Jua lilipotua zilikuwa na unyevu kwenye pindo tu, nikazitundika mbali kidogo na mbabula. Kuhusu kwenda uwanjani sikuthubutu kuuliza.

Asubuhi niliamka na hofu ileile. Nilipita kwanza jikoni kuzitafuta glavu. Kamba ilikuwa tupu. Nikaenda saluni, nikamkuta Mama ameketi kwenye kiti chake juu ya naproni iliyosimama wima, amejifunga mtandio mweupe, amevaa viatu, mikono miwili myekundu juu ya magoti.

"Tutachelewa," akasema. "Batoto yako iko wapi?"

Nilikimbia kuwaita.

Uwanjani upepo ulikuwa uleule. Mama alisimama mwanzo wa safu ya wanawake, mahali pake, na kwenye bahari ile ya mitandio meupe mikono yake ilionekana kutoka mbali, ikienda chini na kupanda. Watu waliiangalia. Mtu mmoja nyuma yangu alinong'ona kwamba hiyo ni rangi ya Noeli. Nikageuka nikampa jicho, sala yenyewe ikiwa imeshaisha, namshukuru Mungu.

Kisha wakaanza kuja kumpa mkono. Mbele yao wote alikuwa yule mama mnene, mke wa mfanyabiashara. Alipofika alisita, akaweka mikono yake nyuma, akainamisha kichwa kama wenzake mwaka uliopita. Aliogopa, maskini. Mama akamnyooshea mkono yeye kwanza.

"Kamata," akasema. "Iko na moto."

Yule mama akaushika kwa mikono yake miwili, taratibu, kama mtu anayepokea yai, na hakutaka kuuachia kwa sababu mikono yake mwenyewe ilikuwa baridi. Nyuma yake safu ikasogea. Mama aliwapa mkono wote, mmoja mmoja, mpaka msichana wa mwisho. Mimi nilisimama pembeni nimeshika mkeka wake.

Njiani kurudi alitembea polepole ameshika bega langu. Tulipokaribia nyumbani alisimama, akainua mikono yote miwili mbele ya macho yake, akaigeuza huku na huku.

"Ya kushoto iko mukubwa kupita ya kuume," akasema. "Na hapa ku gumba uliruka kitanzi. Idi ikiisha, utaifungua. Utakaa karibu yangu, nitakuonyesha."

Nikamwambia ndiyo, Mama.