Ngonjera Tuliyotunga Keko

Juzi nilikuwa napekua sanduku la marehemu mama, nikakuta cheti changu cha shule ya msingi: mtunzi bora wa ngonjera. Wewe unayenijua ungedhani nilifurahi. Nilikaa kitako sakafuni, roho inanichoma.

Siku zile za Ujamaa tulikaa Keko, ukuta mmoja na fundi seremala aliyetoka kusini. Binti yake, rika langu, alikuwa haoni tangu alipougua surua utotoni. Shule hakupelekwa. Kazi yake ilikuwa kupiga msasa. Akipitisha kiganja kwenye mguu wa meza, kibanzi hakimpiti. Nikitoka shule naenda pale na daftari, tunakula mihogo ya kuchemsha huku vumbi la mbao likituingia puani, tunatunga. Yeye anasema, mie naandika, kisha namsomea. Mshororo ukipwaya anatikisa kichwa: "Hapa pana kibanzi, piga tena msasa." Zilitimia beti kumi na mbili. Zangu mbili, tena mbovu.

Ngonjera yenyewe ilihusu usawa wa binadamu. Mwalimu aliisifu weee, akaichagua kwa sherehe ya shule, nikamwambia tumetunga wawili, tunaomba tuighani wawili. Akasema, "Mgeni rasmi akimwona huyo ataingiwa na huruma, sherehe ipoe. Na mtunzi ni aliyeshika kalamu." Nikajikausha. Nilitaka kuitwa mbele, basi.

Binti wa fundi sikumwambia alichosema mwalimu. Siku ya sherehe fundi akamleta binti yake, kavaa gauni jipya, nywele zimesukwa. Akakaa benchi la nyuma akisubiri kuitwa. Akasikia beti zake zikighaniwa na mie na mtoto mwingine aliyepewa nafasi yake, kisha likatajwa jina langu peke yake, na makofi yakapigwa.

Jioni nilimkuta na msasa wake. Nikamwambia, "Tumeshinda."

"Umeshinda, shoga. Hongera."

Hakunitungia tena hata mshororo mmoja.

Bibi alizoea kusema, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Sie haki yenyewe ndiyo tuliyomnyima. Fundi alihamia Kibamba, na binti yake akafariki huko kabla sijaenda kumwomba radhi. Mwalimu nimemlaani miaka mingi. Lakini chini ya cheti kulikuwa na lile daftari, nimelipekua jalada hadi jalada. Jina langu lipo kila ukurasa. Lake halipo, na kalamu nilishika mie.

Aliitwa Somoe.