Kabanyana na Siagi ya Ayalandi

Kabanyana hatulii. Akiwa Louisville kwa Mucyo, kifunguamimba wake, anauliza safari ya Columbus. Akifika Columbus kwa binti yake Umurerwa, mara anampigia simu Gatsinzi, kitindamimba, aje amchukue ampeleke kwake Buffalo. Huko nako hivyo hivyo. Sisi majirani wa Northland, mtaa wa Umurerwa hapa Columbus, tulimtania kwamba ni kiguu na njia. Umurerwa hakucheka. Alitaka mama yake abaki, na hakujua anamkosea nini.

Jumamosi moja begi lilikuwa mlangoni tena, Gatsinzi yuko njiani kutoka Tonawanda, kando ya Buffalo. Kabanyana anazunguka sebuleni, anachungulia dirishani, anakunja kitenge, anakikunjua. Mjukuu wake Uwineza anamfuata nyuma na kazi ya shule. Mwalimu alikuwa amewaeleza kwamba zamani, vijijini Ayalandi, watoto wa shule walitumwa kwa wazee waandike mila, dawa na hadithi zao. Sasa na wao wakaulize nyumbani.

"Na hao wazee wa Ayalandi walisema nini?" Kabanyana akauliza, bado anatembea.

Uwineza akasoma, Kiingereza akikigeuza Kiswahili kwa shida. "Wakisukasuka maziwa, mutu akiingia, lazima na yeye asukesuke kidogo. Akikataa, siagi haitoke."

Bibi akasimama. "Hawa ni batu ya ngombe, sawa sisi! Enda duka, leta krimu."

Krimu ikaja, ikamiminwa ndani ya chupa kubwa ya plastiki, maana kibuyu chake cha kusukia maziwa kilibaki milimani Kivu. Kila aliyeingia alikamatishwa chupa asukesuke. Mimi nilikuwa nimekwenda kuomba chumvi tu, nikatoka jasho. Sijawahi kumwona Kabanyana amechangamka vile.

Umurerwa akarudi kutoka Westerville, anakotunza wazee wa watu, na Gatsinzi akaingia nyuma yake, funguo za gari mkononi. Kabanyana akamnyooshea chupa.

"Bon, mama, lete, nitasukasuka mimi," Gatsinzi akasema. "Weye ikala, pumuzika. Donc, dakika moja tu, tuende."

"Ndiyo, mama, ikala," Umurerwa akasema, akivuta kiti.

Haikuwa dharau. Walidhani kutomtuma mama ndiyo heshima yenyewe.

Kabanyana hakuachia chupa. "Ikala, pumuzika! Louisville, pumuzika. Buffalo, pumuzika. Hapa, pumuzika! Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mumupe jembe. Mimi miaka yote hii, hata fagio hamuyanipa! Kule Ayalandi mupita-njia anapewa maziwa asukesuke. Mimi niliwazaa, muko nanipa kiti!"

Mimi nilitamani kutoka, lakini chumvi yangu ilikuwa bado jikoni.

Umurerwa akakalia kile kiti yeye mwenyewe, akaanza kulia bila kujificha. "Nachoka, mama," akasema. "Nachoka sana. Naenda kazi watoto wangali wanalala, narudia nakuta sahani za jana. Nilikuwa naona haya kukutuma."

Kabanyana akamwachia Gatsinzi chupa, akachukua kitenge, akajifunga kiunoni, akaingia jikoni.

"Masufuria yako mnaweka wapi?" akauliza.