Walitufundisha kuificha nyumba ya Bellevue, kisha wakatuambia haina kitu

Wakuu, poleni na mihangaiko. Hili jambo ninalo tangu 2017 na kila nikiliwaza hasira zinapanda upya, kwa hiyo leo nalitua hapa. Sitii chumvi. Kuna sehemu zinanidhalilisha mimi mwenyewe na nitaziandika hivyo hivyo.

Mimi ni Mtanzania, mtu wa Moshi, niko Johannesburg miaka mingi na makaratasi yangu yametimia. Kazi yangu ni tour guide. Sio wa kubabaisha, nimesoma kozi, nimefanya first aid, nina beji shingoni.

Wenzangu wanapeleka wageni makumbusho na maduka ya Sandton. Mimi nilikuwa nawatembeza kwa miguu Yeoville na Bellevue, kwenye mitaa yetu sisi wa kuja.

Kituo cha mwisho kilikuwa kwa Mama Furaha, Mkongo wa Bukavu.

Nyumba ya zamani, kila chumba na familia yake. Ukumbini wanasuka nywele, barazani kuna cherehani mbili, jikoni kuna bugali na sombe, yaani ugali na kisamvu. Mgeni ananawa, anakula kwa mkono sinia moja na wenyeji.

Na mlangoni alikuwa anakaa Koko, ndivyo Wakongo wanavyomwita bibi. Ni mama mzazi wa Mama Furaha.

Koko alikuwa na desturi yake. Humpiti bila kumpa mkono, na yeye hauachii mpaka umtajie jina la mama yako. Kuanzia hapo wewe ni mtoto wa huyo mama. Mimi nilikuwa "mwana ya Anna". Nimeona wazungu wazima wanafuta machozi pale mlangoni, nawaapia.

Sasa sikilizeni utalii wa hapa ulivyopangwa.

Kuna ofisi ya kutangaza, ofisi ya kukagua, na ofisi ya kusaidia wafanyabiashara wadogo. Kuna ramani rasmi ya sehemu za kutembelea, na unaingia kwa kupita ukaguzi. Usipokuwemo, hoteli hazikutumii mtu, unaishi kwa bahati.

Mama Furaha alitaka kuingia kwenye ramani. Siku tano kwa wiki alikuwa anafua nguo za watu kule mtaa wa Observatory. Ndoto yake ilikuwa moja tu, aache kufua, apikie wageni kwake.

Nikajipeleka semina ya ile ofisi ya kusaidia wafanyabiashara wadogo. Hoteli ya Sandton, AC, muffin, consultant na slaidi zake. Akatufundisha "viwango". Vitambaa vyeupe mezani. Uma na kisu. Menyu. Utulivu. Mlangoni asionekane mtu wa kukaa kaa.

Nikaandika kila neno kama mtoto wa madrasa. Kumbe yule jamaa hajawahi kukanyaga Bellevue hata kwa bahati mbaya.

Siku ya ukaguzi ikafika. Nyie mnatujua, mgeni akitangazwa nyumba inafagiliwa mpaka uvunguni na vyombo vya kabatini vinatoka.

Tukawaambia wasusi wapumzike. Cherehani tukazifunika shuka. Sombe ikahamishiwa kwa jirani kwa sababu ya harufu. Tukaazima vitambaa na uma kanisani, tukaandaa sandwich na juisi.

Koko nilimpeleka mimi mwenyewe mtaa wa Bertrams, kwa muumini mwenzao. Njiani akaniuliza, "Mugeni gani hapendi kusalimiwa?"

Nikacheka. Nikamwambia ni wa serikali.

Mkaguzi alikuwa mama mmoja mpole. Akala nusu sandwich, akazunguka vyumba, akauliza wenye nyumba wako wapi. Nikajibu kwa fahari kabisa kwamba wametoka ili asisumbuliwe. Akaandika.

Wiki tatu baadaye barua ikaja. Nyumba ni safi, lakini haina chochote kinachomwonyesha mgeni maisha ya wakazi wake. Haipendekezwi.

Eish! Wakuu!

Nikaenda ofisini na daftari langu la semina. Nikamwonyesha dada wa mapokezi: someni, nyie ndio mlisema tufanye hivi! Akasema semina ni za kitengo kingine, tena wanamkodi mtu wa nje, na ukaguzi hauhusiani nazo. Je, naweza kukata rufaa? Hapana, ila naweza kuboresha huduma yangu. Akanipa fomu.

Fomu ya semina. Semina ile ile!

Niliichana mbele yake na sijutii.

Jioni nikamsomea Mama Furaha barua. Akasema, "Weye njo ulisema tufiche. Sasa banatafuta nini?"

Koko alikuwa kwenye kiti chake mlangoni, na nilisahau kwamba masikio yake ni mazima.

"Basi mulisikia haya juu yangu?" akauliza. Kwao haya ni aibu, alikuwa anauliza kama tulimwonea aibu.

Nimejifunza nini? Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Hawa wenye slaidi wamegeuza, mwenyeji aondoke ndipo mgeni aje. Wanatufundisha kujionea aibu, halafu wanatunyima alama kwa sababu tumejionea aibu. Na mimi mjinga wao niliwabebea mzigo.

Mama Furaha bado anafua Observatory. Wageni wachache bado nawapeleka, cherehani zinalia, sombe ipo. Ila Koko akisikia Kiingereza getini anabeba kiti chake, anaingia chumbani na kufunga mlango. Mimi nikienda peke yangu ananisalimia kwa adabu zote, "Bonjour, Bwana Guide."

Wakongo mliomo humu, nawaomba kwa dhati. Mzee akikasirika hivi anaombwaje msamaha? Nilimpelekea kitenge, akakirudisha kimekunjwa vizuri.