Moyo wa Ng'ombe katika Darasa la Jirani

Kwa miaka kumi na tisa nilikuwa mwalimu pekee wa biolojia katika shule yetu ya sekondari, hapa komini ya Kenya, mtaa wa jiji letu wenye jina moja na ile nchi, na somo la moyo lilikuwa langu. Hakuna aliyeuchora moyo kama mimi. Shule hutoa chaki nyeupe tu. Nyekundu na bluu nilijinunulia. Nyekundu ilikuwa ya damu iliyotoka mapafuni na hewa safi, bluu ya damu iliyorudi kutoka mwilini imechoka. Vyumba viwili juu vya kupokea, viwili chini vya kusukuma, mishipa mikubwa, mishale ya kuonyesha njia. Mwalimu wa historia aliyeingia baada yangu alikuwa akisita kufuta ubao, nami nilipenda kumwona anasita.

Mwaka jana wanafunzi walizidi, darasa likagawanywa, na prefe, mkuu wetu wa masomo, akaajiri mwalimu wa pili. Alikuwa mwanamke kijana, mzaliwa wa komini jirani ya Kamalondo, ametoka chuoni karibuni. Aliniita Papa, yaani baba, kwa heshima. Aliniomba ushauri kuhusu wanafunzi watundu, nami nikampa kwa moyo mkunjufu, kwa sababu sikuona kitu cha kuogopa kwake.

Sote wawili tulifika kwenye somo la moyo wiki ileile. Mimi nilichora. Yeye alikuja na beseni la plastiki lililofunikwa kitambaa, na ndani yake moyo wa ng'ombe alioununua sokoni alfajiri.

Nilikuwa katikati ya mshale wa bluu niliposikia darasa la jirani likinyamaza. Wanafunzi sitini wakinyamaza pamoja ni jambo kubwa kuliko kelele. Kisha wakaguna, kisha wakacheka, na wangu wakaanza kunyoosha shingo kuelekea ukuta kana kwamba wangeona kupitia matofali. Kipindi kilipokwisha walikimbilia dirisha lake. Nilibaki na ubao wangu. Hakuna aliyeutazama.

Nilisimama nyuma yao nikijifanya napita. Alikuwa amevaa glavu, anaupasua moyo kwa kisu kidogo, na wanafunzi wanaingiza vidole mishipani mmoja mmoja. Msichana mmoja alikuwa amefumba macho ili ahisi vizuri. Katika miaka kumi na tisa sikuwahi kuona mwanafunzi wangu akifumba macho kwa sababu hiyo. Kitu kilinichoma hapa, chini ya mbavu, na mimi mwalimu wa viungo vya mwili nilijua vizuri kwamba si moyo unaoumia pale. Lakini niliumia.

Kesho yake nilirudia mchoro ili nimalizie. Msichana mmoja wa mstari wa mbele, ambaye jana alikuwa dirishani, aliinua mkono. Masomo tunayatoa kwa Kifaransa, lakini yeye alisema kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini, kama anayenitunzia siri:

"Monsieur, ukuta wa kushoto iko munene kupita ule wa kuume. Jana tuliona."

Niliutazama ubao. Kuta za vyumba vya chini zilikuwa sawa, pande zote mbili. Nilizichora sawa kila mwaka, kwa sababu zilipendeza zikiwa sawa. Nilimwambia mchoro ni mchoro na nyama ni nyama, akae. Akakaa. Sikumwangalia tena mpaka kengele ikalia.

Mchana ule nikaenda kwa prefe. Sikusema uongo hata mmoja, na ndilo jambo baya zaidi. Nilimwambia kuna nzi, kuna harufu, kuna damu kwenye madawati, kuna wazazi ambao watauliza kwa nini nyama inachezewa wakati watoto wengine hawajala. Nilisema ninamjali mwalimu kijana, sitaki apate shida. Prefe aliandika barua ya kukataza nyama darasani siku hiyohiyo.

Wiki ile alifundisha kwa chaki nyeupe. Aliendelea kunisalimia, "Papa, uliamuka?", nami nikamjibu kwamba niliamka vizuri, ingawa nilikuwa silali. Nilitegemea kufurahi. Nilipopita dirishani kwake na kuona mchoro wake mbovu, uliopinda kama kiazi, wanafunzi walikuwa bado wanamtazama yeye kwa macho yaleyale. Basi haukuwa ule moyo. Walimpenda yeye, na mimi nikamwonea wivu maradufu.

Jumamosi nilikwenda soko la Kenya nikanunua moyo wa ng'ombe. Mke wangu alifikiri ni wa kupika, akaanza kukata vitunguu. Nilimwomba asubiri. Niliuweka mezani, nikaupasua kwa kisu cha jikoni, nikaingiza kidole gumba. Upande wa kuume ulikuwa mwembamba, unakunjika kwa urahisi, kwa kuwa kazi yake ni kupeleka damu mapafuni tu, hapo jirani. Upande wa kushoto haukukunjika. Ulikuwa mnene karibu mara tatu, mgumu kama kisigino, kwa kuwa ndio unaosukuma damu mpaka kichwani na mpaka vidole vya miguu. Nilikuwa nimeyasema haya yote darasani, kwa maneno, mara nyingi. Sikuwa nimeyagusa. Mke wangu aliuliza kwa nini naichezea nyama badala ya kumpa aipike, nikamweleza yote, hata ya prefe. Hakunitukana. Alisema tu niende nikamwambie mwenzangu.

Jumatatu nilimkuta mwalimu kijana akifuta ubao. Nilimwambia ni mimi niliyekwenda kwa prefe, na kwamba haikuwa kwa sababu ya nzi.

"Nilijua, Papa," alisema bila kugeuka. "Prefe aliniambia siku ile ile. Nilisema nitangoja, utakuja mwenyewe." Kisha akaongeza, "Lakini ningeweza kuchoka kungoja."

Hakusema amenisamehe, nami sikuomba. Tulikwenda pamoja kwa prefe. Nilikiri mbele yake, akaondoa katazo kwa sharti kwamba kazi ifanyike uani, karibu na bomba, na nyama isiachwe hapo baada ya kipindi.

Tuliunganisha madarasa. Yeye alishika moyo mpya wa ng'ombe, akamwaga maji kwenye mshipa mkubwa unaotoka upande wa kushoto, na maji yakakaa mle mle: vijilango vitatu vidogo vilikuwa vimejifunga, vinayazuia yasirudi ndani. Wanafunzi wakamzunguka, wakasukumana, wakamuuliza maswali yote yeye. Mimi nilishika jagi la kumwongezea maji. Niliona wivu, nakiri, palepale, jagi mkononi. Mwanafunzi mmoja aliponikanyaga akiwania kuona, nilisogea pembeni nikamwachia nafasi, kisha nikaenda bombani kujaza maji mengine.