Bia Nyeusi Iliyofunguliwa Jikoni

Baba mdogo wa mchumba wangu alitokea jikoni na chupa ya bia ya Kimarekani, kizibo hakipo. Nikaganda. Mimi Mkenya, yeye Mkongo wa Bukavu, lakini kote kwetu sheria ni moja: kinywaji cha mgeni hufunguliwa mbele ya macho yake, asihofie sumu. Na mzee huyu ndiye aliyekuwa na kauli ya mwisho juu ya ndoa yetu. Tangu nikanyage nyumba yake pale Erdington, mtaa wa Birmingham, alinitazama kwa macho ya kutoboa ukuta.

Akanimiminia. Nyeusi kama oili ya lori lililozunguka dunia mara mbili, povu rangi ya chai ya maziwa.

"Kunywa, mon fils, mwanangu. Mmarekani wa kazini njo alinipatia. Wanaita porter."

Nikainusa. Inanuka kuungua! Ananipima kama ni mlevi? Ama amechoka na wachumba, anawamaliza mmoja mmoja? Nilikuwa nimehitimu masomo ya jioni juzi tu, najiona profesa wa Birmingham nzima, lakini jibu la hapo sikufundishwa. Nikikataa, nimemdharau. Nikimwambia aonje kwanza, nimemwita mchawi sebuleni kwake, na mke nimekosa.

Jasho la kujaza bafu likanitoka.

"Baba, samahani sana. Kwetu mwenye nyumba huonja kwanza."

Jikoni, alikokuwa mchumba wangu, sufuria zikanyamaza.

Mzee akachukua glasi yangu, akapiga funda, akafumba macho. Nikangoja aanguke.

"Kahawa," akasema. "Ile ya kukaangwa mpaka inalia. Miye nilifungua kule ninuse. Ilinuka moto, nikasema labda imeharibika. Wewe uko na masomo, utajua."

"Kwa hiyo ulitaka nitangulie mimi?"

"Miye niko na watoto wanne. Wewe bado."

Nikanywa. Uchungu ulitangulia, kama ukoko wa mkate, halafu chokoleti, halafu utamu mdogo ukajitokeza kwa aibu.

"Iko na sukari nguru huku nyuma, Baba."

"Hapana. Kahawa."

Tukabishana, tukanusa, tukabishana tena, mpaka chupa ikaisha. Ndipo akageukia jikoni.

"Binti yangu! Huyu anaogopa sumu kama sisi. Mwambie alete watu wake, tuongee."