Pua ya Kituo cha Maziwa

Hapa Olenguruone, karani wa kituo cha maziwa hupima kwa pua kwanza. Hufunua mtungi wako, huinama mpaka kofia yake iguse shingo ya mtungi, hunusa mara moja, kisha husema "sawa" au "rudisha" kwa sauti ile ile. Habembelezeki, maana mtungi mmoja mbaya huharibu tangi zima. Shida yake ni msimu wa nyasi kuchanua. Aleji humshika, na akianza kupiga chafya, sisi sote kwenye laini hufunika mitungi haraka. Mwaka huu alinunua vidonge, na kwa kweli vimemfaa: chafya zimekwisha, macho hayamwashi, leso imelala mfukoni. Pua tu ndiyo ingali imeziba.

Jumatatu aliinamia mtungi wa Mama Jerotich, akavuta hewa, akavuta tena, akainuka. Angesema tu "sawa", nani angejua? Badala yake alimpa kifuniko. "Mama, dawa imemaliza chafya, lakini harufu sisikii. Nusa wewe, uniambie."

Mama Jerotich akanusa. Akatutazama, akamtazama yeye, akafunga mtungi polepole. "Hii nilichanganya na ya jana jioni," akasema. "Wacha nirudi nayo."

"Asante, Mama. Anayefuata, nusa."

Asubuhi hiyo mitungi iliyorudi nyumbani ilikuwa mingi kuliko siku yoyote ambayo pua yake ilikuwa nzima.